Ukianguka, Unaangukia Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Sanaa ya Mapigano kwa Mwenye Mwili Ulio na Mipaka

Goti langu la kulia halikunjiki kupita pembe mraba. Mguu ulivunjika mwaka 2016 kwenye barabara ya Kakamega, si mbali na Kondele mjini Kisumu, boda boda niliyokuwa nimepanda ilipogongwa ubavuni na gari lililokuwa likigeuza. Niliwekwa chuma na skrubu, nikatembea na magongo karibu mwaka mzima. Nilipoyaacha nilitaka kitu kimoja tu: kuuamini mwili wangu tena. Mama hakuelewa. "Mwanangu, umetoka kuvunjika juzi, sasa unatafuta wa kukuvunja tena?"

Katika klabu ya kwanza niliyojiunga nayo, mwalimu alinipanga mstari mmoja na vijana wazima, tukaruka kichura kuuzunguka ukumbi. Goti likavimba wiki mbili. Katika klabu ya pili mwalimu aliniketisha kwenye benchi, hakuniuliza ninaumwa wapi. Aliuliza, "Ukianguka, huwa unaangukia upande gani?" Nilikosa jibu. Ilinichukua wiki sita kulipata, na hadi leo hilo ndilo swali ninalomuuliza kila anayenijia akitaka kujua achague karate, judo, taekwondo au ndondi.

Ninawaandikia watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na kwingineko magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa: aliyeachiwa mguu mwembamba na polio, mwenye mkono mmoja, mwenye macho hafifu, mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell), anayetumia kiti cha magurudumu, na wenzangu wengi wenye chuma mguuni kwa sababu ya boda boda. Hatua zimepangwa kwa mfuatano ninaouamini: mwili kwanza, daktari wa pili, halafu aina ya mchezo, halafu ukumbi na mwalimu. Wengi huanza na aina ya mchezo kwa sababu waliuona kwenye filamu, kisha mwili hulazimishwa kuufuata. Huko ndiko kuumia kunakoanzia.

Hatua ya kwanza: jua mwili wako unavyokutana na sakafu

Hakuna sanaa ya mapigano isiyo na kuanguka. Kwenye judo na mieleka unaangushwa makusudi. Kwenye taekwondo na karate unajiangusha mwenyewe, mguu mmoja ukiwa hewani na ule uliobaki chini ukiteleza. Hata mcheza ndondi akirudi nyuma kwa haraka hujikwaa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza unaweza kurusha teke la namna gani, uliza nini kitavunjika, kitateguka au kitavuja damu siku utakapoanguka vibaya.

Fanya majaribio haya nyumbani, kando ya kitanda au meza nzito, na mtu wa kukushika awepo. Usiyafanye peke yako.

Shuka hadi sakafuni, kisha inuka. Usijali umepitia njia gani, jali ni kiungo gani kimetangulia. Mkono upi uligusa chini kwanza? Ni goti gani lilikataa kubeba? Mtu asiyeweza kuinuka bila msaada hajazuiwa kujifunza, ila mwalimu anatakiwa kulijua hilo siku ya kwanza, wala si siku ambayo ukumbi umejaa watu thelathini.

Simama kwa mguu mmoja, vidole vikiwa karibu na meza, uhesabu sekunde. Badilisha mguu. Geuza kichwa kutazama juu ya kila bega. Ukihisi ganzi au kama umeme ukishuka mikononi, acha hapo hapo na umwone daktari kabla ya jambo jingine lolote. Shika taulo lililoloweshwa, mwenzako alivute, uone ni mkono gani unaoachia mapema. Mwisho, tembea haraka kwa dakika sita, kisha jaribu kusema sentensi ndefu bila kukata pumzi.

Andika matokeo kwenye daftari kwa maneno matatu tu: naweza, naweza nikisaidiwa, siwezi. Kesho yake asubuhi andika tena, kwa sababu mwili wenye jeraha la zamani hudai usiku. Utagundua kwamba "siwezi" ziko za aina mbili. Iko "siwezi bado", ambayo mazoezi huiondoa, na iko "sitakiwi", ambayo mazoezi huigeuza kuwa jeraha jipya. Kwa macho ya mwenye mwili zinafanana kabisa. Wa kuzitenganisha ni daktari.

Hatua ya pili: usimuulize daktari kama unaweza kucheza karate

Ukimuuliza hivyo atasema hapana, na ana haki. Hajui karate unayoisema ni ya kupigana au ya kuonyesha miondoko, na hakuna daktari anayetaka kuonekana ndiye aliyemruhusu mgonjwa apigwe mateke. Mpelekee vitendo, usimpelekee jina la mchezo. Mimi nilikwenda na karatasi moja, nikasoma swali baada ya swali, na mtaalamu wa fiziotherapia akaandika jibu mbele ya kila moja:

Naruhusiwa kuangukia mgongo kwenye mkeka, kutoka kimo cha kukaa? Kutoka kimo cha kusimama?
Goti, nyonga au kifundo changu kinaweza kuzungushwa huku kimebeba uzito wa mwili?
Mtu mwenye uzito kama wangu anaweza kunilalia kifuani au tumboni?
Mkono wangu unaweza kuvutwa kwa nguvu ukiwa umeinuliwa juu ya bega?
Kichwa changu kinaweza kupata pigo, hata jepesi?
Moyo wangu unaweza kwenda mbio hadi nishindwe kuongea, na kwa dakika ngapi?
Dalili gani nikiiona niache siku hiyo hiyo?

Kwa maswali haya, fiziotherapia mara nyingi itakufaa zaidi ya foleni ya daktari mkuu. Utaipata katika hospitali kubwa za rufaa: ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ya Nakuru, ambayo wengi hawajaacha kuiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, na ile ya kaunti mjini Kakamega. Beba picha zako za eksirei hata kama ni za miaka iliyopita.

Kuna hali ambazo naomba uzisome hata kama si zako, maana siku moja utafanya mazoezi na mwenye nayo.

Selimundu ndiyo naanza nayo, kwa sababu ukanda wetu wa ziwa una wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Kurithi chembe ya ugonjwa huu kutoka kwa mzazi mmoja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeenea palipo na mbu. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua, na maumivu yake huamshwa na vitu ambavyo ukumbi wa mazoezi umejaa: kiu, uchovu wa kupita kiasi, joto, kisha baridi ya ghafla. Anaweza kufanya mazoezi, ila anywe maji kabla hajaona kiu, apumzike kila baada ya dakika chache bila kuomba ruhusa, na abadilishe nguo iliyolowa jasho kabla ya kutoka nje. Wengine, hasa watoto, huwa na bengu (bandama) lililovimba. Hao wasilaliwe tumboni wala kupigwa kiwiliwili, kwa sababu bengu huweza kupasuka. Nyonga nazo huweza kuharibika kwa kukosa damu, hivyo maumivu ya kinena yasiyoisha yapigwe picha, yasiitwe uchovu. Kumbuka pia kuwa Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru karibu 1,850. Huko juu hewa ni nyepesi na baridi ni zaidi, kwa hiyo mwenye selimundu anayehamia Nakuru aanze upya taratibu, na asifanye mazoezi ya alfajiri bila nguo nzito.

Watu wenye ugonjwa wa Down wapimwe shingo kabla ya kubiringika au kuangushwa. Kwa baadhi yao, mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo haijashikana imara, na kuviringika kwa kichwa kunaweza kuumiza uti wa mgongo.

Mwenye kifafa, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho, na aliyewahi kuumia kichwa akapoteza fahamu wakae mbali na mchezo wowote wa kupigwa kichwani. Natilia mkazo huyo wa mwisho. Katika ajali za boda boda watu hushughulikia mguu uliovunjika na kusahau kwamba kichwa nacho kilipiga lami.

Wenye chuma mfupini tukumbuke kwamba hatari haiishi siku chuma kinapotolewa. Matundu ya skrubu huuacha mfupa dhaifu kwa muda, basi rudi mkekani kwa tarehe aliyokupa daktari. Bega lililowahi kuchomoka kwa kijana hupenda kuchomoka tena, hasa mkono ukiwa umeinuliwa na kupindwa nyuma. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asifanye mazoezi peku, avae viatu laini na akague miguu yake kila akimaliza. Mwenye damu isiyoganda asitafute ushauri wangu, aende kwa daktari wake kabla hata ya kutembelea klabu.

Hatua ya tatu: linganisha mipaka yako na kazi ya mchezo

Sasa ndipo majina yanapoingia.

Kama shida iko miguuni, usidanganywe na wazo kwamba taekwondo itakuimarisha miguu. Teke la mzunguko hupitisha msokoto wote kwenye goti la mguu uliosimama, na kama goti hilo ndilo bovu, unalisaga kila unapopiga. Karate hutofautiana kwa mtindo: Shotokan husimama chini na kwa hatua ndefu, Wado-ryu husimama juu zaidi na kwa hatua fupi. Mwalimu mwelewa atakuruhusu usimame juu katika mtindo wowote. Ila mimi, kwa mguu mbovu, huwatuma watu kwenye michezo inayochezwa chini: ju-jitsu ya Kibrazili na ile sehemu ya judo inayofanyika baada ya kuanguka. Pale sakafuni mguu hauhitaji kukubeba. Asiyeweza kupiga magoti huanza ameketi. Mwenye mguu bandia huuvua, akauweka pembeni juu ya kitambaa safi, na hapo anakuwa sawa na wengine kwa namna ambayo barabarani haitokei. Kwa joto la Kisumu achukue soksi mbili tatu za kigutu, kwa sababu jasho hulainisha ngozi, nayo ngozi iliyolainika huchubuka haraka.

Kama ni mkono, taekwondo ile ile niliyotoka kuwakataza wengine, kwako huenda ikawa chaguo la kwanza. Taekwondo ya Paralimpiki, iliyoingizwa kwenye michezo ya Tokyo 2020 iliyofanyika mwaka 2021, ni ya watu wenye upungufu wa mikono. Teke la kichwa limekatazwa. Alama hupatikana kwa mateke ya kiwiliwili. Katika Paris 2024, Stency Neema Obonyo aliipigania Kenya katika mchezo huo. Wala usiseme mieleka na kukabana vinahitaji mikono miwili kamili. Jean Jacques Machado wa Brazil alizaliwa bila vidole kamili mkono wa kushoto, akawa bingwa wa mashindano ya dunia ya kukabana ya ADCC mwaka 1999. Kwa kuwa hakuweza kushika nguo kama wengine, alijenga mchezo wa kukumbatia na kunasa kwa mkono mzima. Hilo ndilo la kumwomba mwalimu wako, atafute mshiko utakaofanya kazi mkononi mwako.

Kama ni macho, judo imetangulia michezo mingine kwa mbali. Jigoro Kano aliianzisha Japani mwaka 1882, na judo ya wasioona imekuwa kwenye Paralimpiki tangu Seoul 1988, wanawake wakajiunga Athens 2004. Sheria inabadilika hasa mahali pamoja: wapinzani huanza wakiwa tayari wameshikana nguo, na wakiachana mwamuzi huwasimamisha na kuwarudisha katikati. Ukishamshika mtu kola na mkono wa nguo unauhisi uzito wake unahamia wapi kabla hajasogea, na wanaoona hujifunza kufumba macho ili wahisi hivyo. Ningefurahi siku moja kuona mkeka wa judo katika kila shule ya wasioona, kuanzia Kibos hapa Kisumu. Wenye ualbino wengi wana macho hafifu na hawavumilii mwanga, kwa hiyo swali lao la ziada ni jua: klabu inayofanyia mazoezi uwanjani saa tisa mchana haiwafai, hata mwalimu awe mzuri namna gani.

Kiziwi hazuiwi na mchezo wowote. Kinachohitajika ni ishara ya kusimamisha, ikubaliwe na wote kabla ya kuanza: kumgusa bega mara mbili, kuzima na kuwasha taa, au kupiga mguu kwenye mkeka mtetemo ufike. Kugonga mwili wa mwenzako kuonyesha kwamba umekubali kushindwa ni lugha ya mikono tayari. Judo, karate na taekwondo zimo katika Michezo ya Viziwi. Uliza kama yupo mwanafunzi anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, na kama hayupo, omba wote wajifunze ishara kumi tu.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, njia ni tatu. Karate ya miondoko, ile wanayoiita kata, ina kundi la viti katika mashindano ya dunia ya karate ya watu wenye ulemavu. Ngumi za kwenye begi hupigwa ukiwa umeketi, breki zimefungwa na kiti kimeegeshwa ukutani kwa nyuma kisipinduke. Ya tatu ni kushuka sakafuni kabisa kwa ju-jitsu. Tahadhari yangu ni ya mabega. Tayari yanasukuma kiti kutwa nzima, na ngumi mia tatu jioni zinaongeza mzigo ule ule upande wa mbele. Dai mazoezi ya kuvuta kwa ajili ya mgongo wa juu. Na kama huna hisia kiunoni kushuka chini, ukaguliwe ngozi kila baada ya mazoezi, maana mkeka huchubua bila kukuarifu.

Wazee na wenye magoti ya baridi yabisi wafikirie taichi. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliipendekeza kwa nguvu kwa ugonjwa wa kulika kwa magoti na nyonga. Hujifunzwa polepole, huimarisha mizani, nayo ni sanaa ya mapigano yenye asili yake China, haikuanza kama mazoezi ya wazee.

Ndondi nimeiacha mwisho kwa kuwa naipenda na inanipa taabu. Nakuru ni mji wa ndondi. Philip Waruinge alitoka huko akaleta medali ya shaba ya Olimpiki mwaka 1968, pamoja na kombe la Val Barker la bondia bora wa michezo ile, kisha fedha mwaka 1972. Ukikua Nakuru ni vigumu usitamani glavu. Mazoezi ya ndondi, yaani kuruka kamba, kupiga begi na kupigana na kivuli chako, ni mema kwa miili mingi na hayahitaji vifaa ghali. Kupigwa kichwani ni jambo jingine. Unaweza kufanya la kwanza miaka yote bila kuingia kwenye la pili, na mwalimu anayekwambia kwamba bila kupanda ulingoni hujafanya ndondi, mwache.

Hatua ya nne: ukumbi na njia ya kuufikia

Klabu nyingi huku kwetu hukodi kumbi za kijamii, za shule au za makanisa. Nenda ukaangalie kwa macho yako, saa ile ile ya mazoezi. Ngazi ni ngapi? Choo kinaingiliwa na kiti au magongo? Sakafu ni saruji tupu, au kuna mikeka mizito iliyobanwa isiachane? Mikeka ikiachana, kidole cha mguu huingia katikati na kuvunjika, na kwa mwenye mguu bandia ncha hukwama. Kwa judo kwenye saruji jibu langu ni hapana, hata kama wanafunzi wengine wanavumilia.

Njia ya kwenda na kurudi ipime kama sehemu ya mazoezi. Mwenye magongo hupanda tuktuk kwa usalama zaidi kuliko boda boda, lakini baada ya saa moja usiku tuktuk hupungua mitaani. Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, na mpira wa gongo uliolowa tope huteleza kwenye sakafu iliyopigwa rangi. Beba kitambaa cha kuufuta mlangoni. Kisumu chagua asubuhi mapema au jioni. Usafiri ukikumaliza kabla ya kuanza, klabu dhaifu kidogo iliyo karibu itakufikisha mbali kuliko bora iliyo upande wa pili wa mji.

Mavazi si ya kuumiza kichwa. Suruali laini na fulana vinatosha mwezi wa kwanza. Nguo nzito za judo ni ghali zikiwa mpya, ila mimi yangu niliipata kwenye mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu.

Hatua ya tano: mtazame mwalimu kabla hajakutazama

Omba kuketi benchi vipindi viwili bila kushiriki. Mwangalie anamfanya nini mwanafunzi dhaifu kuliko wote. Anambadilishia zoezi, au anamngoja huku wengine wakicheka? Mtu akigonga mkeka, mwenzake anaachia mara moja? Wanafundishwa kuanguka kabla ya kuangusha? Wanaanza kwa kupasha mwili moto kweli, au kwa kukomoana?

Kisha zungumza naye faraghani, kwa heshima. "Mwalimu, shikamoo. Nina goti lenye chuma, na hii ndiyo karatasi ya fiziotherapia. Ungeanza nami wapi?" Jibu zuri huwa na swali ndani yake. Atataka kuona unavyotembea, atauliza karatasi inasema nini kuhusu kuzunguka, pengine atakiri kwamba hajawahi kufundisha mtu kama wewe na ataomba mjaribu pamoja. Mimi namwamini huyo anayekiri. Jibu baya ni "hapa tunawafanya wote sawa" au "usijali, maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini". Anayekuahidi kwamba sanaa yake itakuponya naye aachwe, kwa adabu.

Kwa wanawake na kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu nina la ziada. Michezo ya kukabana ni ya kugusana, na anayesaidiwa kuinuka au kuhamishwa kutoka kitini huguswa zaidi. Mwalimu aseme atakachoshika kabla ya kushika. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, wala asivalishwe na mwalimu. Klabu inayokasirika kwa kuulizwa hayo imekwisha kukujibu.

Kama una nia ya kushindana katika makundi ya watu wenye ulemavu, uliza mapema kuhusu uainishaji, yaani upimaji unaoamua uko kundi gani. Si kila upungufu unaokubalika katika kila mchezo, na ni afadhali ujue mwaka huu kuliko baada ya miaka mitatu ya jasho. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine, lakini kama huna, anza safari yake sasa. Nayo hupitia upimaji katika hospitali ya serikali.

Hatua ya sita: wiki sita za majaribio

Lipa kwa mwezi, usilipe kwa mwaka. Nenda mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane. Mweleze mwalimu kwamba kwa wiki sita hutapigana na mtu, utajifunza kuanguka, kuinuka na msingi wa miondoko. Kuanguka kujifunzwe kwa kupanda kimo: kwanza umelala na unapiga mkeka kwa mkono tu, kisha kutoka kukaa, kisha kutoka kuchuchumaa au kitini, na kusimama mwisho kabisa, kama karatasi yako inaruhusu. Kidevu kibane kifuani kila mara ili kisogo kisiguse chini, na kiganja kisitangulie kamwe, kwani mkono ulionyooshwa ndio huvunjika.

Kila asubuhi baada ya mazoezi, andika maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Kiungo kile cha zamani kikiuma zaidi ya saa ishirini na nne, au kikivimba, mara inayofuata punguza nusu ya ulichofanya. Kikirudia mara tatu kwa zoezi lile lile, zoezi hilo liondoke, usiondoke wewe. Ganzi, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au homa kwa mwenye selimundu: hapo huandiki chochote, unaenda hospitali.

Wiki ya sita ikiisha, rudia majaribio ya hatua ya kwanza kando ya kitanda kile kile na mtu yule yule akikushika, uyaweke matokeo sambamba na ya mwanzo. Usitafute nguvu, wiki sita hazijatosha. Tafuta maneno yaliyohama kutoka "naweza nikisaidiwa" kwenda "naweza". Kama hakuna lililohama na maumivu yamepanda, badilisha mchezo au mwalimu bila aibu. Mimi nilibadilisha, na yule wa kwanza tunasalimiana hadi leo.

Jioni niliyorudia majaribio yangu, mama ndiye aliyenishika. Nilishuka sakafuni. Nyonga ya kushoto ilitua kwanza, mkono wa kushoto ukapiga zulia, goti la kulia likabaki hewani bila kugusa chochote. Mama aliniachia kabla sijainuka. Alhamisi yake nilifika ukumbini mapema, nikamkuta mwalimu anafagia, nikamwambia: kushoto.